Mikono Juu Mbele ya Mjomba

Ziada alishapiga simu ya Vitalis mpaka kidole gumba kikamuuma, na kila mara yule mwanamke wa kwenye mtambo alimjibu kwa upole ule ule kwamba namba anayopiga haipatikani. Upole wa nini na wewe! Ziada alimtukana kimoyomoyo, akapiga tena. Saa nne ya asubuhi ilishapita pale Newala. Ikifika saa nane mchana Vitalis, mwenzake wa kazi aliyeko Masasi, angeipigia kampuni moja ya Dar es Salaam iliyompa ajira, awaambie haji. Angeikataa kazi ambayo watu wanaililia, tena angeikataa kwa kulitegemea neno la Ziada, na neno lenyewe Ziada alikuwa ameanza kulitilia shaka tangu alfajiri.

Neno gani hilo? Ngoja nikueleze, usije ukaniambia nimekuacha njiani.

Ziada, Mmakonde wa Newala, na Vitalis, Mmakua wa Lulindi aliyehamia Masasi mjini na mkewe Dominika, wote wawili walikuwa waandishi wa programu za kompyuta. Kwa zaidi ya mwaka walikuwa wanatengeneza kiunzi. Si kiunzi cha miti na fito, ingawa maana yake haiko mbali. Mtu anayejenga tovuti au mfumo wa ghala hana haja ya kuchimba kila shimo la nguzo upya. Anachukua kiunzi kilichokwisha kusimamishwa na wenziwe, yeye anakandika udongo wake tu. Cha kwao kilikuwa cha JavaScript, lugha ambayo zamani kazi yake ilikuwa kuzichangamsha kurasa mbele ya macho ya msomaji, na sasa wajuzi walikuwa wameipeleka jikoni, kwenye seva, kule maombi ya watu yanakopokelewa na majibu yanakopikwa. Kiunzi chao walikiita Figa.

Na wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Milango ya biashara ilikuwa imeachwa wazi kila upande. Kampuni za simu zilikuwa zinagombania wateja, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanapanda huku juu uwandani kwa magari yao, na shule za watu binafsi zilikuwa zinachipua. Kila mmoja wao alitaka mfumo wake wa kompyuta, na aliutaka jana. Vijana waliojua kuandika programu, wa Newala, wa Tandahimba na wa Masasi, hawakukosa kibarua. Ziada alijiambia kwamba vijana hao wakijengea kwa Figa, basi Figa imesimama.

Vitalis hakuwa na moyo mwepesi hivyo. Barua ya ajira ilipokuja alimwambia Ziada waziwazi, "Mimi nina mke na mtoto. Waulize hao wenzetu. Wakikitaka kiunzi, nabaki tukimalizie. Wasipokitaka, niache niende. Wewe ndiye unayewajua, kwa hiyo neno utakaloniambia ndilo nitakalolishika."

Ziada akaita mkutano. Na hapo ndipo alipofanya kosa, kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya, maana asingelifikiria.

Kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake. Jambo kubwa halifunguliwi bila mjomba. Ukilifungua mwenyewe utaonekana huna kwenu. Basi Ziada akaenda kwa Mjomba Majaliwa, kaka wa mama yake, akapiga goti, akamwomba uwanja wa nyumba yake na neno la kufungulia. Mzee alifurahi, wee! Akachinja kuku, akapikisha wali, akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Madevelopa, yaani hao waandishi wa programu, walipofika, akina Fatu wa Kitangari na Awadhi wa Masasi na wenzao, kila mmoja alipita mbele ya kiti chake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibu, ule ushibe." Wakala, wakashiba.

Kisha mzee akasimama. "Mwanangu ametengeneza kitu," akasema. "Mimi sikijui, ninyi mnakijua. Ninachowaomba, mumshike mkono." Akakaa hapo hapo mbele, mikono juu ya bakora, akiwatazama mmoja mmoja.

Ziada akaonyesha Figa kwenye ukuta wa nyumba, akaeleza, akauliza, "Kazi yako inayofuata, nani ataijengea kwa Figa?"

Mikono ikapanda uwanja mzima. Vitalis naye akanyoosha wake. Mjomba akamgeukia. "Na wewe Baba Julia, hutamwacha mwanangu njiani?"

"Siwezi, mzee," Vitalis akajibu, na watu wakapiga makofi.

Mmoja tu hakunyoosha mkono. Huyo alikuwa Alfani, mtoto wa kuzaa wa Mjomba Majaliwa, naye mwandishi wa programu kule Tandahimba. Sasa mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu mkiwa matumboni. Anakuita mke wake, anakutukana hadharani, akitaka kuku wako anambeba, na wewe ruhusa ya kununa huna. Alfani akasimama, akajishika kiuno.

"Mke wangu, pole na kazi," akasema. "Miti yako mizuri, lakini nani hapa ana kiwanja cha kuisimamishia? Sisi wote tunaandika kwa lugha ya PHP, na seva tulizokodi hazijui kitu kingine. Unatuambia tubomoe nyumba zenye watu ndani, tukalale nje, ili wewe usifiwe. Mimi sikitaki hicho kiunzi hata ukinipa na mahari yake!"

Uwanja ukavunjika kwa vicheko. Fatu alicheka akamwaga soda. Mjomba mwenyewe akapunga mkono, "Mwacheni, mtu na mkewe hao." Ziada alicheka mpaka akafuta machozi, akamrushia Alfani kandambili, na mkutano ukaisha kwa furaha. Jioni ile Vitalis alimuuliza, "Una hakika, Ziada?" Naye akamjibu bila kupepesa, "Umeiona mwenyewe mikono. Wanakitaka." Vitalis akasema, "Basi Jumatatu saa nane nitawapigia niwaambie siji."

Hilo ndilo neno lenyewe.

Jumatatu yenyewe ndiyo hii. Figa ilikuwa imewekwa kule kwenye ghala la mtandaoni ambako waandishi wa programu huchukua viunzi, na ghala hilo lina tabia ya kumwonyesha mwenye mali ni mara ngapi imechukuliwa. Jumamosi Ziada alipotazama, hakuna aliyechukua. Jumapili alipotazama, hakuna. Akajiambia watu wanapumzika. Alfajiri ya Jumatatu akatazama tena, hakuna. Mikono yote ile, wala hata mmoja uliokwenda kujaribu!

Akaanza kuwapigia. Fatu alipokea kwa shangwe, "Dada Ziada! Kitu kizuri kile jamani. Leo leo nakishusha, nasubiri bando tu. Eti, mjomba hajambo?" Awadhi akaapa kwa Mungu kwamba jioni haifiki. "Nisalimie sana mjomba. Mwambie tuko pamoja." Wa tatu alikuwa na mgeni, wa nne alikuwa shambani kwenye korosho, na kila mmoja kabla ya kukata simu alimtuma salamu kwa mjomba. Salamu ya mwisho ilipofika, Ziada aliishusha simu sikioni. Wewe! Hawa watu walikuwa wanamjibu nani?

Ndipo alipoanza kumtafuta Vitalis, na ndipo simu ilipogoma. Simu ya Dominika nayo iliita mpaka ikakatika.

Alfani alikuwa bado hajarudi Tandahimba. Ziada alimkuta nyuma ya nyumba ya baba yake, amechuchumaa kando ya pikipiki, mikono imejaa oili.

"Mke wangu," Alfani akaanza, "umekuja kunifulia?"

"Alfani, acha. Nakuomba leo acha utani. Watu wanakitaka Figa au hawakitaki?"

"Nilishakujibu mbele ya kadamnasi."

"Ulikuwa unatania!"

Alfani akaweka spana chini. Ziada alikuwa hajawahi kumwona yule mtu na uso mkavu namna ile, na uso ule ulimtisha kuliko maneno.

"Mimi nilisema kweli," akasema. "Wewe ndiye uliyecheka."

"Na wale wengine walionyoosha mikono?"

"Ziada, wewe si mgeni hapa. Watu wamemwamkia mzee kitini pake, wamekula wali wake, mzee amewaomba kwa kinywa chake, kisha anakaa mbele anawatazama machoni. Nani atamkatalia? Mimi mwenyewe nisingekuwa mtani wako ningenyoosha yote miwili. Ulitaka kupima kama watu wanakipenda kiunzi, ukaenda kupima kama wanamheshimu baba yangu. Wanamheshimu. Hilo limepimika vizuri kabisa."

Ziada alitaka kubisha. Badala yake akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hasira ilimpanda, kwanza kwa Fatu na Awadhi na viapo vyao, kisha kwa mzee na kanzu yake, na mwisho ikamrudia mwenyewe ikatulia hapo. Zaidi ya mwaka! Macho yamemuuma, maji ya kisima cha jirani amechotewa na wadogo zake kwa sababu yeye yuko kwenye kompyuta, wachumba wamekuja wamechoka wameondoka.

"Hata mmoja?" akauliza.

"Labda huko duniani. Hapa, hata mmoja."

Kisha akakumbuka saa, akaruka. "Vitalis anaikataa kazi saa nane! Anaikataa kwa sababu yangu, na simu yake imezimwa."

Alfani akamtazama, akatazama pikipiki, akajifuta mikono kwenye suruali. "Panda. Lakini ujue breki ya nyuma nilikuwa ndiyo kwanza naigusa."

Kutoka Newala kwenda Masasi ni kuushuka uwanda, na miaka ile barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, na pale kwenye mteremko upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande mwingine ni upepo mtupu. Alfani aliendesha kama mtu aliyechoka kuishi. Kwenye kona moja lori la korosho lilikuwa limekwama limekata njia, matingo, vijana wapakiaji wa lori, wanabishana na dereva, pikipiki zimesongamana. Ziada alishuka, akaanza kuwapigia watu kelele wapishe. Tingo mmoja akamwambia, "Dada, huko unakokimbilia kuna maji ya bure?" Alimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Alfani akaipitisha pikipiki kandokando ya gogo la mkorosho lililoanguka, akiisukuma, tairi moja likining'inia, na Ziada akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma asije akaenda na pikipiki yake bondeni.

Walipotelemka bondeni na kuyaona majabali ya Masasi, saa nane ilikuwa imekaribia. Njia nzima aliyapanga maneno. Angesema, Vitalis, nisamehe, nilikosea, hawakitaki, nenda zako. Aliyasema kimoyomoyo mara nyingi mno, na kila mara yalimkatikia pale pale kwenye nenda zako. Maana Vitalis akienda, Figa imekufa. Yeye peke yake asingeiweza, na alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Na shetani, ambaye hakosi kwenye safari za namna hii, akamnong'oneza: si lazima umwambie. Simu imezimwa, wewe hukumpata, lori lilikwama. Nani atakulaumu? Saa nane itapita yenyewe, Vitalis atabaki.

Walikuwa wamefika kituo cha mafuta mwanzo wa mji. Alfani akapunguza mwendo. "Tusimame tunywe maji?"

Nakwambia kweli, Ziada alisita. Alifikiria kusema ndiyo, na maji yangekuwa baridi, na dakika zingekwenda zenyewe.

"Usisimame," akasema. "Usisimame mpaka mlangoni."

Dominika alikuwa barazani anachambua kunde. Alipowaona wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope aliinuka kwa hofu. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Mama Julia. Baba Julia yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amejifungia tangu asubuhi, hataki kusemeshwa." Dominika alikuwa na macho ya mtu aliyelia, na Ziada alijifanya hakuyaona.

Vitalis alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, ndiyo kwanza imewashwa. Alikuwa ametafuta namba ya Dar es Salaam, kidole kimesimama juu yake.

"Usipige," Ziada akasema. Alikuwa anatweta kana kwamba alikuja kwa miguu. "Usiwakatalie. Nilikwambia uongo, Vitalis. Sikuukusudia, lakini ni uongo. Hawakitaki. Tangu siku ile hajakichukua hata mmoja. Walinyoosha mikono kwa ajili ya mjomba."

Alimaliza, akangoja. Alitegemea mwenzake atakasirika, au ataanza kumtetea Fatu, au atasema wajaribu tena, waende Mtwara, wakawaulize wengine. Ndani ya moyo wake, naomba usimcheke, alikuwa bado anatumaini atasema hivyo.

Vitalis aliinamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo Ziada aliyazoea yakiwa juu karibu na masikio, yakashuka. Ziada akayaona yanavyoshuka. Akaona ni nafuu. Mtu yule alikuwa ametuliwa mzigo.

"Vitalis," akasema taratibu, "kwa nini ulizima simu?"

"Niliogopa utapiga."

"Uliogopa nitakwambia nini?"

"Niliogopa utaniambia niwahi kuwapigia."

Nje Dominika alikuwa ameacha kunde zake. Hakusikika hata mlio wa ungo. Ziada akavuta kigoda, akakaa mbele ya mwenzake, magoti karibu yagusane. Miezi yote ile alikuwa amepanga atauliza watu wa Newala, watu wa Tandahimba, watu wa Masasi. Huyu aliyekuwa naye kila siku hakumuuliza hata mara moja.

"Hapa mjomba hayupo," akasema. "Wali haupo. Nijibu kama Alfani anavyonijibu. Wewe mwenyewe unakitaka Figa?"

Vitalis aliinua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Nilikitaka mwanzoni," akasema. "Tangu masika yaliyopita sikitaki. Nakifungua nachukia. Nilitumaini watu watakikataa wao, nisikukatalie mimi. Kisha wakanyoosha mikono, nikasema Mungu wangu, nimekwisha. Mzee akaniuliza mbele ya watu. Ningemwambiaje? Nilikuwa naikataa kazi, Ziada. Wallahi nilikuwa naikataa."

Iliuma. Ya Fatu haikuuma hivi, ya Awadhi haikuuma hivi. Mtu aliye tayari kujizika kwa adabu, na kaburi umemchimbia wewe ukidhani mnajenga nyumba.

"Umenikasirikia?" Vitalis akauliza.

"Sana."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nimekasirika." Akaionyesha simu kwa kidole. "Piga simu. Saa nane hiyo."

Vitalis akapiga. Ikaita, ikapokelewa, na ndani ya chumba kile kidogo wote wawili wakaisikia sauti ya mtu wa Dar es Salaam mwenye haraka zake, akiuliza, haya bwana, umeamuaje, unakuja au huji? Vitalis akamtazama Ziada. Bado alikuwa anangoja ruhusa, masikini, hata sasa.

"Mwambie unakuja," Ziada akasema.

"Nakuja," Vitalis akasema.

Barazani kigelegele kikapanda, kikali, cha mwanamke aliyekuwa amekibana kifuani kwa siku nyingi. Kisha kikakatika katikati. Dominika alikuwa amekumbuka ni nani aliyeko ndani. Alisimama mlangoni, kiganja mdomoni, macho yamemtoka kwa aibu.

Ziada aligeuka kwenye kigoda. Machozi yalikuwa yanamtiririka juu ya vumbi, na hakujaribu kuyafuta.

"Malizia, Mama Julia," akasema. "Usinionee haya. Malizia."

Dominika akamtazama kwanza mumewe, kisha yeye. Kisha akaondoa kiganja mdomoni, akamalizia.